Mwanamke wa Ndani ya Santuri

Simpendi mtu anayeniambia kwamba muziki unaponya. Wako wengi, na wengi wao walikuja na maneno hayo kwenye msiba wa baba yangu, wakanishika bega, wakasema mzee alipenda muziki sana, muziki ndio uliomweka hai. Niliwaitikia kwa kichwa, kwa sababu mfiwa hatakiwi kutukana.

Wiki ya tatu baada ya mazishi nilikuwa peke yangu kwenye nyumba yake ya Kihonda, nasafisha chumba chake. Baba alikuwa fundi redio, na chumba kilinuka vile alivyonuka yeye maisha yake yote: risasi iliyoyeyushwa kuunga nyaya, vumbi lililoungua juu ya vyuma vya moto, na sigara alizodai kwamba ameacha. Nyuma ya kabati nilikuta boksi, ndani ya boksi kanga kuukuu, na ndani ya kanga kile nilichojua kwamba nitakikuta. Sikuikunjua. Niliigusa tu kwa nje, nikahisi ule ukingo wa duara, nikaondoa mkono kama mtoto aliyekamatwa.

Mlango ukagongwa. Binti wa miaka ishirini hivi, nywele amesuka mistari, simu mkononi.

"Shikamoo anti."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Pole na msiba. Naitwa Mwanaidi, nakaa mtaa wa nyuma. Kabla mzee hajazidiwa nilikuwa nakuja kusikiliza santuri kwake. Nimekuja kuuliza ile moja kama ipo."

"Ipi?"

"Ile ya duara jeupe, isiyoandikwa kitu. Ile ya dram-en-besi, ngoma za mbio na besi nzito."

Nilimwambia nyumba hii ina msiba, haina disko. Kisha nikafunga mlango, nikarudi chumbani na kukaa chini sakafuni, nikiwa na hasira ambayo yule binti hakuistahili. Alikuwa ametaja kwa furaha kitu ambacho mimi kwa zaidi ya miaka thelathini sikuwa nimekitaja kwa mtu yeyote, isipokuwa mara moja.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa watatu tu nyumbani, baba, mama na mimi, katika vyumba viwili vya kupanga mjini Morogoro, mahali ambapo ukifungua dirisha la nyuma mlima unakujaa wote usoni. Baba alitengeneza redio siku za kazi na kupiga muziki kwenye harusi mwisho wa wiki. Mwalimu mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao alimwachia mashine ya santuri na boksi la sahani zake. Nyingi baba alizisikiliza mara moja akaziweka kando. Moja hakuiweka kando.

Haikuwa na jina. Katikati yake, mahali ambapo nyingine zilikuwa na picha na maandishi, hii ilikuwa na karatasi nyeupe tupu. Ilianza na kitu kama upepo unaopita kwenye migomba. Halafu sauti ya mwanamke, mbali sana, kama anaimba kutoka chini ya kisima. Halafu ngoma zinamwagika, haraka, kama mtu anamimina mahindi makavu kwenye sinia la bati, haraka kiasi kwamba hata mtoto alijua hakuna mikono ya binadamu inayoweza kuzipiga. Na chini ya yote hayo besi, polepole, nzito, inatikisa vikombe kabatini.

"Unasikia?" baba aliniambia siku ya kwanza, amechuchumaa mbele yangu, macho yanang'aa kama ya mtu aliyeokota kitu. "Ngoma inakimbia, besi inatembea. Watu wanahangaika kukimbia na ngoma, wanachoka. Wewe tembea na besi."

Akanishika mikono tukatembea na besi, kutoka mlangoni mpaka kitandani na kurudi. Nasema haya kwa shingo upande, maana ningependa kusema kwamba ile santuri ilikuwa mbaya, kelele za kishetani kama alivyosema jirani yetu. Haikuwa mbaya. Ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia, na ndiyo maana niliichukia kwa nguvu zote baadaye. Kitu kibaya hukichukii hivyo. Unakipita tu.

Baba aliipiga kila alipokuwa nyumbani. Aliipiga akirudi kazini kabla hajanawa, aliipiga mama akimwambia bati linavuja, na hata wakati mama anaongea aliongeza sauti kidogo, kidogo tu, kwa kidole kimoja, bila kumtazama. Mama alikuwa na ulimi. Hakupiga kelele, alisema neno moja na kuondoka, nalo neno likabaki chumbani linafuka.

"Haya, nenda kwa mke mwenzangu," alikuwa akimwambia baba akimwona anaelekea kwenye mashine. Au, akiweka chakula: "Mke mwenzangu yeye hali? Au nimpakulie?" Na siku moja, bati limevuja juu ya unga wote, alisimama mlangoni mikono imejaa tope jeupe akasema, "Huyo mwanamke wako ipo siku atanitoa roho."

Mtoto hajui kejeli. Mke mwenza nilikuwa namjua. Rafiki yangu wa jirani mama yake alikuwa naye, na walikuwa wanamwagiana maji machafu. Sasa nikaelewa kwamba na sisi tunaye, ila wa kwetu anakaa ndani ya santuri. Sauti yake niliisikia kila siku. Nilichungulia nyuma ya spika sikumwona, nikahitimisha kwamba spika ni mdomo wake tu, mwili uko kwenye ile sahani nyeusi, umekunjwa kwenye mistari.

Halafu nikaanza kusikiliza anachosema. Alikuwa na neno moja tu, analivuta na kulirudia kabla ngoma hazijamwagika. Mimi Kiingereza sikukijua. Nilisikia Kiswahili.

*Kamuue*, alisema. *Kamuuee. Kamuue.*

Na baba, amefumba macho, anaitikia kwa kichwa.

Sijui nitawaelezaje woga ule ninyi mliokua zamani. Nilikuwa nakaa pale mkekani na daftari langu, nasikia mwanamke anamtuma baba yangu akamuue mama yangu, na baba anakubali. Nilimfuata mama jikoni, akiwa anakata vitunguu.

"Mama, mke mwenza anaweza kumuua mtu?"

"Wengine wameshaua," akajibu bila kuinua uso. "Nipe chumvi."

Nikampa chumvi. Kesho yake mchana baba alikuwa kazini na mama amekwenda bombani. Nilichukua msumari kwenye kopo la baba, wa kutu, nikaitoa ile sahani kwenye karatasi yake na kuilaza sakafuni. Nilitaka kuanzia ukingoni nifike katikati kabisa, kwenye weupe, mahali nilipodhani ndipo ulipo moyo. Nikakandamiza na kuvuta. Ikalia. Naapa niliisikia ikilia, sauti nyembamba ya mtu anayechanwa, na nilipofika nusu mkono ulikataa. Nikairudisha kwenye karatasi, nikaurudisha msumari kwenye kopo, nikaenda kukaa nje juani.

Mama aliporudi alinitazama, akaweka ndoo chini, akanivuta kwenye karai akaninawisha mikono. Hakuuliza kitu.

Jioni ile jua halijazama baba alirudi, akaiweka ile santuri kwenye mashine. Upepo ukaja. Mwanamke akaja. *Kamu*, akasema, na sindano ikaruka nyuma. *Kamu. Kamu. Kamu.* Kama mtu anayekabwa. Mara nne, mara tano, halafu ikavuka kwa mshtuko katikati ya ngoma.

Baba akainua sindano. Akaichukua santuri, akaipeleka dirishani, akaiinamisha mwanga upite juu yake. Alikaa hivyo muda mrefu sana.

"Umeiua," alisema.

Mama alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Nimeua nini?"

"Umeiua."

"Kama imekufa, izike."

Nilikuwa nimesimama kati yao, kimo changu kinafika kwenye mkanda wa baba. Nilitaka kusema. Lakini baba alikuwa ametamka neno kuua, na wauaji nilijua wanapelekwa wapi, nilikuwa nimeona karandinga likipita na mikono imetokeza kwenye nondo. Nikaificha mikono nyuma.

"Toka," baba alimwambia mama. "Rudi kwenu."

Mama hakukana. Hilo ndilo nililobeba kuliko yote: hakusema si mimi. Alinitazama mara moja, akauweka mwiko juu ya meza, taratibu, kama mtu anayekabidhi funguo, akaenda kufunga nguo zake na zangu. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo hapakuwa na mabishano ya nani anichukue. Kulipokucha tulipanda lori tupu lililokuwa linarudi Mgeta, kwao mama, kuchukua mboga.

Mgeta wageni wanaisifu. Wanapanda na kamera zao wanasema matuta ya mboga yanapendeza, hewa safi. Mimi niliijua kama baridi ya kwenye mifupa na njia ya mteremko yenye utelezi, kabichi kichwani, kisigino kinatafuta pa kukanyaga. Bibi alizungumza nami Kiluguru na nilielewa nusu. Shule ilikuwa mbali na viatu vya mjini viliisha mwezi wa kwanza. Kila mgeni aliyevaa kofia alipoonekana bondeni, nilijificha nyuma ya zizi la mbuzi. Niliamini ni askari amekuja kuuliza habari za mwanamke aliyechanwa kwa msumari. Kwa mwaka mzima nilikuwa muuaji, na kwa mwaka mzima nilijipa moyo kwamba angalau mama yu hai.

Baba hakuja. Sio mwaka huo, sio uliofuata. Nilikua, nikaacha kuamini kwamba watu wanakaa ndani ya santuri, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya zaidi. Mwanzoni nilikuwa nimemuua mtu mbaya ili kumwokoa mama. Sasa nikaona kwamba hakukuwa na mtu mbaya. Kulikuwa na wimbo tu, na mimi nimeuharibu, na mama amefukuzwa kwa kosa langu, na sasa anaosha karoti kwenye maji ya baridi mpaka vidole vinapasuka. Darasa la tano mwalimu wa Kiingereza alitufundisha namna ya kumwambia mtu njoo, na namna ya kusema mbali. Niliyaunganisha yale maneno mawili kinywani, *kam awei*, na kalamu nikaiweka chini. Njoo tuondoke. Ndicho alichokuwa anaimba. Hakumtuma mtu kuua.

Sikumwambia mama. Ningemwambiaje? Kila mwaka uliopita uliifanya siri kuwa nzito zaidi ya ule wa kabla yake.

Baba alipozidiwa mwaka huu nilihamia kwake Kihonda kumwuguza. Sikwenda kwa mapenzi. Nilikuwa mtoto wake pekee na majirani walikuwa wanatazama. Hakuoa tena, na mtaani walimsifu kwa hilo, kana kwamba ni uaminifu. Nilimlisha uji, nikamgeuza, nikamfulia. Tuliongea habari za uji na za dawa. Mchana mmoja, joto la Kihonda limekaa juu ya bati kama mtu, alinyoosha kidole kwenye mashine.

"Niwekee ile."

"Siiweki."

"Niwekee, mwanangu. Sitaisikia mara nyingi."

Sijui ni lile neno mwanangu, au ni uchovu. Nilisimama katikati ya chumba, mwanamke mzima mwenye watoto wake, nikasema, "Baba, ile santuri niliikwaruza mimi. Si mama. Ni mimi, kwa msumari."

Alinitazama kwa macho yaliyogeuka njano kwa ugonjwa.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilipoiinamisha dirishani. Mama yako ana mkono mzito, angeivunja vipande viwili anitupie. Ule mkwaruzo ulianza kwa nguvu ukaishia njiani. Wa mtu anayeogopa."

Nje mtu alikuwa anakata vyuma, mashine inalia na kunyamaza. Nilisubiri inyamaze.

"Sasa kwa nini ulimfukuza?"

Alifikiri kwa uaminifu, hilo sitamnyima. "Nilikuwa nimechoka," akasema. "Tulikuwa tumechokana. Nilikuwa natafuta sababu, nikaipata."

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka miguu ikaungua. Halafu nikarudi ndani kumgeuza, kwa sababu saa ya kumgeuza ilikuwa imefika. Sikumwekea ile santuri. Siku tisa baadaye alikufa, na kwenye msiba watu wakanishika bega wakaniambia habari za muziki.

Mwanaidi alirudi mara ya pili. Nilikuwa nimemfukuza kama mbwa na bado alirudi, amebeba mandazi kwenye sahani iliyofunikwa. Nilimwacha aingie. Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Anti, sikuja kuudhi. Wimbo wenyewe ninao humu." Akanyanyua simu. "Mzee aliniruhusu kurekodi. Ila kwenye simu besi inakufa."

"Una nini huo wimbo? Ni wa zamani kuliko wewe."

"Ni wa zamani ila hauchuji." Alisogea mbele, akasahau kuniogopa. "Nyimbo za sasa zinakwambia zote mwanzoni. Huu unakuficha. Ngoma inakupeleka mbio, besi inakukataza. Mwili haujui ufuate nini. Halafu ukifika pale kwenye *kamu, kamu, kamu*, yaani pale, anti! Watu wanasubiri pale tu. Ukipiga kwenye sherehe huku Kihonda wanaimba wote, *kamu, kamu, kamu*, halafu inavuka, kila mtu anaruka."

Nikaisogeza sahani ya mandazi kando. "Wanaimba mkwaruzo."

"Ndiyo. Kwenye nakala nyingine haupo, nilitafuta mtandaoni. Upo kwenye ya mzee tu. Nilimwuliza nani aliikwaruza, akacheka."

Alicheka. Sikujua kwamba bado nilikuwa na nafasi ya hasira mpya, lakini ilipatikana.

"Niliikwaruza mimi," nikamwambia.

Mwanaidi aliiweka simu mapajani. Nilimsubiri aone aibu, aseme pole, aulize. Uso wake ukafunguka kwa furaha tupu.

"Aisee, anti. Uliipiga pazuri."

Nilicheka na nililia, sikumbuki kipi kilitangulia. Nilikwenda chumbani, nikaitoa ile kanga na kilichomo, nikambebesha. Nikamwongezea na mashine. "Chukua. Usinishukuru. Na usiipige mahali ninapoweza kuisikia." Alishukuru hata hivyo. Alipoondoka niliona kwamba bega langu la kushoto linacheza, taratibu, lenyewe, linatembea na besi ambayo haikuwepo. Nililishika kwa mkono nikalituliza.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Mgeta. Mama hakuja mazishini, alituma ndizi. Nilimkuta mferejini, sketi ameikunja, anaosha karoti kwa miguu na mikono kama anavyoosha siku zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

Sikukaa. "Mama, ile santuri ya baba. Ulijua kwamba ni mimi?"

Hakuacha kuosha. "Ulikuwa na kutu ya msumari kwenye vidole. Nilikunawisha mwenyewe."

"Na hukusema."

"Nimwambie nani? Yeye? Akupige? Halafu hakuniuliza. Aliniambia rudi kwenu." Alitupa karoti iliyooza kwenye majani. "Miaka mingapi nilikuwa naomba aniambie neno hilo. Mwanamke akiondoka mwenyewe wanasema kaka zake wamrudishe. Akifukuzwa, hakuna wa kumrudisha."

Maji yalikuwa yanapita kati yetu, mekundu kwa udongo.

"Mimi nilidhani nimewavunjia nyumba," nikasema. "Mpaka mwezi uliopita nilidhani hivyo. Nilikuwa na miaka minane, mama."

"Najua ulikuwa na miaka mingapi. Nilikuzaa."

"Ungeniambia. Siku yoyote ile. Ungeniambia tu kwamba si mimi."

Hapo ndipo alipoinua uso. Hakuwa na hasira, wala huruma. Alinitazama kama anayesahihisha hesabu.

"Lakini ni wewe," akasema.

Nililolijibu siwezi kuliandika. Ni maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, na wanawake waliokuwa wanaosha karoti juu zaidi mferejini waliacha kuosha. Aliniambia chakula kiko jikoni. Nikasema sili. Kukataa chakula kwa mama yako ni kama kumtemea mate, na nilijua, na ndicho nilichotaka. Nikashika njia ya kushuka kwenye malori, nateleza, nalia kwa ghadhabu, nawalaani wote wawili: aliyetafuta sababu, na aliyesubiri apewe sababu, na katikati yao mtoto aliyeachiwa aibebe sababu yenyewe kwa sababu ilimfaa kila mtu.

Lori lilikuwa limeshajaa kabichi. Nilipanda mbele, nikafunga mlango. Kabla dereva hajawasha gari, mama alitokea kwenye njia ya mkato ya kupita mashambani, anahema, miguu imejaa tope hadi magotini. Alipitisha kifurushi cha jani la mgomba dirishani akakiweka mapajani mwangu.

"Viazi," akasema. "Usimpe dereva."

Akageuka akaanza kupanda. Sikumwita. Tulishuka kona kwa kona, ukungu unatufuata, dereva anapiga mluzi na kutazama mapaja yangu kwa pembe ya jicho. Viazi vilikuwa bado vya moto, vimepakwa chumvi na pilipili vile ninavyopenda. Nilivila vyote, kimoja baada ya kingine, na hasira yangu haikupungua hata kidogo. Dereva sikumpa.